Akiba Ilikuwepo, Msaada Ukachelewa: Uchambuzi wa Kisa cha Mfuko wa Dharura wa Kikundi cha Waumini

Kisa hiki kinahusu kikundi cha waumini kilichojiwekea akiba kabla ya nyakati ngumu, kisha kikashindwa kuitumia zilipofika. Majina, mahali, dhehebu na viwango vya fedha vimeondolewa, na kazi za baadhi ya wahusika zimebadilishwa kidogo ili wasitambulike. Niliombwa kukaa nao baada ya mambo kutulia, na walikubali kisa chao kitumike kufundishia.

Mafundisho mengi juu ya Yusufu na miaka saba ya njaa huishia kwenye kukusanya. Watu hawa walikusanya vizuri kuliko makanisa mengi makubwa, na bado mwenzao mmoja alizama kwenye deni huku fedha zikiwa benki. Ndiyo maana nimekiandika kwa urefu.

Usuli

Kikundi kilikuwa na kaya 14 zilizokutana kila wiki kwa sala na kujifunza Neno. Kaya tisa ziliishi kwa mshahara wa mwajiri mmoja. Zilizobaki zilimtegemea kwa njia ya kuzunguka: kupangisha vyumba, kushona na kufua sare, kuwauzia wafanyakazi mahitaji madogo madogo. Hakuna aliyeiona hiyo kuwa hatari, kwa kuwa mwajiri huyo alikuwepo tangu wengi wao wakiwa watoto.

Nitawaita wahusika wakuu kwa nafasi zao. Kiongozi ndiye aliyefundisha na kuendesha vikao. Dada mhasibu alikuwa na ajira kwingine na alizoea kusoma mahesabu. Mzee alikuwa mtu wa maombi, anayeheshimika kuliko wote. Mama mshonaji aliwalea watoto wake peke yake kwa cherehani moja na kazi za kufua.

Dada mhasibu ndiye aliyeona dalili mapema. Saa za ziada zilifutwa. Mikataba ya mwaka ikaanza kuhuishwa kwa miezi mitatu mitatu. Waliomuuzia mwajiri bidhaa wakawa wanalalamika kwamba malipo yanachelewa. Kila jambo peke yake lilikuwa dogo, lakini yalikwenda upande mmoja. Aliyaleta kikundini wiki ambayo kiongozi alikuwa akifundisha Mwanzo 41, habari ya Yusufu na njaa ya Misri, na watu waliona kwamba Mungu amesema nao.

Mjadala wa kwanza

Mzee alipinga. Alisoma Mathayo 6, pale Yesu anaposema tusisumbukie ya kesho, akasema, "Tukianza kuhesabu ya mbele, tumeshaacha kuamini." Isidhaniwe kwamba alikuwa mvivu wa kufikiri. Miaka ya nyuma aliugua muda mrefu bila akiba yoyote, na akaona mahitaji ya nyumba yake yakitoshelezwa kwa mikono ya watu asiowatarajia. Kwake, kuweka akiba kulikuwa kama kusema kwamba yale hayakutokea.

Kiongozi alimjibu kwa Matendo 27, na nadhani lilikuwa jibu bora katika kisa chote. Paulo akiwa baharini aliahidiwa na malaika kwamba hakuna hata mmoja katika merikebu atakayepotea. Kwa ahadi hiyo mkononi angeweza kulala. Badala yake, mabaharia walipojaribu kutoroka kwa mashua, alimwambia akida kwamba hao wasipobaki merikebuni, wengine hawawezi kuokoka. Aliwasihi wote wale chakula kwa ajili ya kuokoka kwao, naye akatangulia kwa kumshukuru Mungu na kula mbele yao. Ahadi ilikuwa ya Mungu, na mabaharia walihitajika vilevile.

Mzee hakushawishika, ila alisema hatawazuia. Hakuchangia, na wenzake hawakumlazimisha.

Maamuzi na sababu zake

Kikundi kiliamua mambo manne kwa kikao kimoja, na hapo ndipo uzuri na ubovu wa mpango ulipoanzia pamoja.

La kwanza: kila kaya ipunguze madeni yake kabla ya kununua chochote kikubwa. Sababu yao ilikuwa wazi, kwamba deni halisubiri kazi irudi. La pili: kila kaya itoe sehemu ya tano ya mapato yake ya mwezi, kwa kuwa Yusufu alimshauri Farao atwae sehemu ya tano ya mavuno ya Misri. La tatu: fedha ziwekwe katika akaunti yenye jina la kikundi, watie saini watu watatu, na taarifa isomwe kila mwezi. Walikuwa wameona kwingineko michango ikiishia mfukoni mwa mtu mmoja, nao hawakutaka kumjaribu ndugu yeyote.

La nne lilihusu matumizi. Muda ulikuwa umekwenda, watu wamechoka, na kiongozi akasema, "Hiyo tutaiona ikifika." Kitabu cha kumbukumbu kina mistari mingi juu ya kukusanya na mstari mmoja tu juu ya kutoa: fedha zitatumika wakati wa dhiki, kwa makubaliano ya watia saini wote watatu.

Yaliyotokea

Miezi ya mwanzo mfuko ulikua haraka. Taarifa zilisomwa, watu wakashangilia. Kaya kadhaa zilimaliza madeni madogo, na wanandoa wawili waliahirisha ujenzi waliokuwa wamepanga kuufanya kwa mkopo. Baadaye walisema kuahirisha huko ndiko kulikowaokoa kuliko mfuko wenyewe.

Lakini ile sehemu ya tano ilianza kuwaumiza wenye kipato kidogo. Mwenye mshahara mnono alitoa moja ya tano akabaki na nafasi. Mama mshonaji alitoa moja ya tano akabaki na pengo. Alijikaza kwa muda, akakopa kidogo kwa jirani ili achangie asionekane, halafu akaacha kuchangia. Hakuna aliyemuuliza. Jina lake liliendelea kuonekana kwenye daftari likiwa na nafasi tupu mbele yake, na daftari lilisomwa hadharani kila mwezi. Akaanza kukosa ibada, siku za taarifa hasa.

Kisha mwajiri akaanza kupunguza watu. Wa kwanza kuumia hawakuwa waajiriwa. Wafanyakazi walipoona hali inabadilika, walianza kufua na kushona wenyewe, kwa hiyo mama mshonaji alipoteza wateja majuma mengi kabla ya kaya nyingine yoyote kukosa mshahara. Alipokwama kabisa alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza riba kubwa, akaweka cherehani rehani. Mtoto wake mkubwa akaacha shule ili kusaidia kutafuta riziki.

Wakati huohuo kaya mbili zilizopunguzwa kazini ziliomba msaada. Watia saini wawili walikubali. Wa tatu, ndugu mwangalifu sana, alikataa. Hoja yake: mambo bado hayajafika kilele, na fedha zikitumika sasa zitakwisha kabla ya njaa yenyewe. "Hii ni mawingu tu," alisema. Kwa kuwa kanuni ilitaka wote watatu, akaunti ilibaki imefungwa. Majuma yakapita. Kiongozi hakutaka kumlazimisha mtu, akasema waombe kwanza. Waliomba, na akaunti ikaendelea kukua kwa michango ya waliobaki kazini.

Habari za mama mshonaji zilijulikana kwa bahati. Mama mwingine wa kikundi alipeleka nguo ya kushona, akakuta cherehani haipo. Alikaa naye mpaka jioni, akatoka na kisa chote. Kikao kilichofuata hakikuwa cha kawaida. Yule mama hakutaja jina, kwa kuwa aliombwa asilitaje, ila alisimama akamwambia mtia saini wa tatu, "Kaka, kama huu si ukame, niambie ukame unafananaje, ili na sisi tuutambue ukija."

Hapo mtu mmoja alisema wasaidiwe waliochangia peke yao. Akataja wanawali kumi: watano wenye busara hawakugawa mafuta yao, waliwaambia wapumbavu wakajinunulie. Mwingine akaongeza kwamba asiyefanya kazi na asile. Mzee, ambaye hakuwa amechangia hata mara moja na ambaye sasa mwanawe aliyemtegemea alikuwa amepunguzwa kazini, alinyamaza kikao kizima.

Kubadilisha mwelekeo

Dada mhasibu aliomba wiki moja. Alirudi na mapendekezo, na mengi yalipita.

Saini zikawa mbili kati ya tatu. Mfuko ungefunguka wenyewe, bila mjadala wa kama ni dhiki au siyo, pale kaya inapopoteza zaidi ya nusu ya mapato yake, inapokabiliwa na ugonjwa isioweza kuulipia matibabu, au mtoto anapokaribia kukosa shule. Mahitaji ya msingi yangetolewa kama zawadi. Fedha za kuanzisha kazi mpya zingekopeshwa bila riba. Wageni wawili wawili wangetembelea kila kaya mara moja kwa mwezi, waliochangia na wasiochangia, ili anayeona haya kuomba asilazimike kuomba. Na daftari la michango lisisomwe tena kwa majina.

Sehemu ya tano ilifutwa. Kila mtu atoe kadiri alivyojaliwa, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho: kipawa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho.

Jambo moja liliwagawa mpaka mwisho: mfuko ulipe deni la mkopeshaji au hapana? Waliopinga walisema kulipa riba ile ni kumlisha mnyonyaji. Waliounga mkono walisema cherehani ikiuzwa, watamlisha mama huyo miaka. Waliafikiana mfuko ulipe mtaji uliokopwa, na watu wawili wakamwone mkopeshaji wamwombe apunguze riba. Alipunguza sehemu. Iliyobaki ililipwa na mtu ambaye hajajitaja.

Matokeo

Mwajiri alifunga kabisa miezi michache baadaye. Mfuko ulibeba kaya zilizoathirika kwa takriban miezi tisa, ukaisha karibu wote. Kaya nyingi zilipata njia nyingine ya kuishi katika muda huo, nyingine kwa ile mikopo isiyo na riba. Sehemu ya mikopo imerudi, sehemu haijarudi na pengine haitarudi. Kaya mbili zilihama kutafuta kazi. Mama mshonaji alipata cherehani yake, na mtoto akarudi shule akiwa amepoteza muhula.

Kaya ya mtia saini wa tatu iliondoka kikundini. Hakuna fedha iliyopotea mikononi mwake hata senti, na hilo alilisema mara nyingi, kwa haki. Aliona ameaibishwa kwa sababu ya uaminifu wake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kinaweza kusemwa kwa ufupi. Dalili zilisomwa mapema, na aliyezisoma alisikilizwa ingawa hakuwa na cheo. Mithali zinasema mara mbili, katika sura ya 22 na ya 27, kwamba mwerevu huyaona mabaya akajificha, na wajinga huendelea mbele wakaumia. Kupunguza madeni kulifaa kuliko walivyotarajia. Usimamizi wa fedha ulikuwa safi, na usafi huo una mzizi wa kibiblia: Paulo alipobeba mchango wa makanisa alitaka ndugu wengine wafuatane nao ili mtu yeyote asimlaumu, akitunza yaliyo mema mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia.

Kilichoshindwa kinahitaji muda zaidi.

Kwanza, waliinakili namba ya Yusufu wakaacha hali yake. Ile sehemu ya tano ilitozwa juu ya mavuno ya nchi nzima, katika miaka saba ya shibe nyingi, ambayo nafaka ilirundikwa kama mchanga wa pwani mpaka wakaacha kuihesabu. Kuichukua namba hiyo na kuitoza kwa mama anayeishi kwa kazi ya siku ni kutoza njaa. Agano Jipya lina mfano unaofanana zaidi na hali yao, na hakuna aliyeufikiria siku ile: Matendo 11. Agabo alitabiri njaa kubwa, iliyotokea siku za Klaudio, na wanafunzi wa Antiokia wakaazimia, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, kuwapelekea msaada ndugu wa Uyahudi. Tabia za maandalizi yale ni tofauti sana na za Misri. Hapakuwa na kiwango, na mpokeaji alijulikana tangu mwanzo. Msaada ulipelekwa kwa wazee kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Kikundi chetu kilikuwa na kiwango bila kuwa na mpokeaji.

Pili, ghala halikuwa na kanuni ya kufunguliwa. Katika Mwanzo 41 watu walimlilia Farao, Farao akawaelekeza kwa Yusufu, naye Yusufu akafungua ghala zote. Kilio kilikuwa na pa kwenda. Hapa kilio kilikwenda kwa watu watatu ambao mmoja wao angeweza kukizima kwa nia njema kabisa. Mtia saini wa tatu hakuwa mchoyo, na simlaumu kama wengine wanavyomlaumu. Aliachiwa peke yake kuamua kama saa imefika, kwa sababu kikao cha kwanza kilichoka kabla ya kuiamua. Kila mfuko ulioandikiwa "wakati wa dhiki" bila kusema dhiki ni nini utampata mtu wa namna hiyo.

Tatu, aibu. Hili ndilo ninalolisisitiza kila ninapofundisha kisa hiki. Matendo 6 inaeleza kanisa lililojaa Roho, linalogawa kila siku, na bado wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wakawa wanasahauliwa. Mitume hawakusema wajane waongeze imani. Walikubali kwamba utaratibu una tundu, wakaagiza wachaguliwe saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye Roho na hekima. Mama mshonaji alisahauliwa na utaratibu ambao ulikuwa na taarifa zake zote. Nafasi tupu mbele ya jina lake ilikuwa ndiyo kengele, ikasomwa kwa sauti kila mwezi kama kosa.

Nne, Maandiko yaliyotumika kuwanyima wasiochangia yalitumika vibaya. Mfano wa wanawali ni juu ya kuwa tayari kwa kuja kwa Bwana arusi, na utayari huo kweli haukopesheki. Haukutolewa kuwa kanuni ya kugawa misaada. Nao Wathesalonike waliambiwa juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Aliyefungiwa lango la kazi hajaguswa na mstari huo hata kidogo. Andiko lililofaa siku ile ni Nehemia 5. Watu waliweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, watoto wao wakaingia utumwani, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika sana, akafikiri kwanza moyoni, kisha akawakabili wakuu hadharani na kuwataka warudishe mashamba pamoja na riba. Ni yuleyule ambaye sura moja kabla, adui walipotishia, aliomba na akaweka walinzi mchana na usiku.

Na mzee je? Alikuwa amekosea? Nimelifikiria sana. Mana katika Kutoka 16, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, ndiyo inayonisaidia. Waliobakiza mana mpaka asubuhi siku za kawaida waliikuta ina mabuu na inanuka, na Musa akawakasirikia. Mana ileile, ikibakizwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato, haikuharibika. Chakula hakikubadilika, wala kitendo cha kubakiza hakikubadilika. Siku moja kulitoka kwenye kutosikia, siku nyingine kulitoka kwenye kusikia. Mzee alibeba somo la siku za kawaida akaligeuza kuwa la siku zote. Dada mhasibu alisikia la siku ya sita. Ila mzee aliona jambo ambalo kikundi kizima hakikuliona: kadiri akaunti ilivyokua, ndivyo ugumu wa kuigusa ulivyokua. Tajiri mpumbavu wa Luka 12 hakulaumiwa kwa kuvuna sana. Sikiliza anavyozungumza: ghala zangu, nafaka yangu, nafsi yangu. Katika hesabu zake zote hakuna mtu wa pili.

Kuna upande wa habari ya Yusufu ambao kikundi kiliufungua mwishoni tu, nami ningependa usomwe mapema. Mwanzo 47 inaonyesha ghala zikitumika mpaka watu wametoa fedha zao, kisha mifugo, kisha ardhi na nafsi zao kwa Farao. Walimshukuru Yusufu kwa kuwaponya, hilo limeandikwa. Limeandikwa pia kwamba walitoka katika njaa wakiwa watumwa wa Farao. Akiba inaweza kuokoa uhai wa mtu na kumfunga kwa wakati mmoja. Mabishano yao juu ya zawadi na mkopo, na juu ya riba ya mkopeshaji, yalikuwa mabishano ya sura hiyo, ingawa siku ile hawakujua.

Hali ilivyo sasa

Mfuko umeanzishwa upya, kwa michango midogo isiyo na kiwango. Kanuni za kutoa zinasomwa kila mwaka kabla ya taarifa ya mapato. Mama mshonaji ni mmoja wa wanaotembelea kaya, na inasemekana yeye huwa haulizi maswali mengi, huangalia nyumba.

Mzee bado hachangii. Familia yake ilipokea msaada kwa miezi mitatu kupitia mwanawe, na baada ya hapo alianza kufika kwenye kila kikao cha mfuko na kuuombea kwa muda mrefu kuliko wengine wanavyopenda. Baadhi wanataka kanuni iandikwe juu ya watu kama yeye. Mara ya mwisho nilipozungumza nao, pendekezo hilo lilikuwa limeahirishwa kwa kikao cha pili mfululizo, na dada mhasibu alikuwa akisema liondolewe kabisa kwenye ajenda.